Betri Iliyopikwa Ijumaa

Hivi majuzi mteja mmoja, mwanamume mzima mwenye gari la matangazo, aliniletea betri ya lithiamu akitaka niifunge nyuma ya kiti na kuiunganisha moja kwa moja na altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kutengeneza umeme wa gari. Akasema ameona kwenye simu, ni waya mmoja tu na kazi imeisha. Nikamwambia waya mmoja tu ni wa kuanikia nguo. Betri ya asidi ukiipa umeme inakunywa polepole, na kadiri inavyoshiba ndivyo inavyopunguza. Hii ya lithiamu ina pupa. Inafungua mdomo na haifungi mpaka ijae, na altaneta ya gari dogo, hasa likiwa limesimama injini ikinguruma chini kwa chini, inachemka mpaka nyaya za ndani zinaungua. Ni lazima uweke katikati kifaa cha kugawa umeme kwa kipimo. Akaniambia labda mimi nimezoea vitu vya zamani. Basi, nilimwonyesha njia ya kutokea.

Alirudi siku ya pili, tukaifunga inavyotakiwa, na hatukuwa na neno tena. Lakini nilijua moyoni kwamba si yeye aliyenikasirisha. Mtu akinitajia betri ya pili kwenye gari namkumbuka baba yangu na makambi ya mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, na damu inanichemka hata kama aliye mbele yangu hana kosa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Kisii. Nilipanga chumba Kiogoro, na nafasi ya kufanyia kazi nilikuwa nayo nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza betri, taa na vipuri vidogo vidogo. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyamira, kwenye mteremko wa chai na migomba, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mlango wa jirani ng'ambo ya bonde lakini kumfikia ni nusu saa. Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua ikiwa imekufa na kuifufua mwenyewe. Niliringa nayo sana.

Baba, au Tata kama tunavyomwita mzazi wa kiume kwa Kigusii, hakuringa nayo. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa letu la Sabato, na kama Wasabato wengine wa kwetu alilima chai bila kuinywa. Alitaka niwe mwalimu. Nilipoacha masomo ya ualimu na kwenda kujifunza ufundi, hakupiga kelele wala hakunifukuza. Alianza tu kuniuliza swali moja kila nilipokwenda nyumbani: "Bado unashika waya?" Namjibu, "Bado, Tata." Hapo mazungumzo yetu yamekwisha, anaingia shambani. Miaka saba tuliongea hivyo. Watu wakisema kwamba hilo si jambo la kumuumiza mtu mzima, mimi nasema liliniuma, tena sana.

Tata alikuwa na sauti. Sijui niieleze vipi bila kutia chumvi. Kanisani alisoma matangazo bila kipaza sauti, na wanawake waliobaki nje na watoto wachanga walisikia kila neno. Akiwa kwetu aliweza kumwita mtu anayechuma chai upande wa pili wa bonde, na yule mtu akaitikia. Watu walijua saa kwa sauti yake. Kwa hiyo alipoanza kukwaruza, kila mtu alileta dawa yake, huyu asali, huyu tangawizi, huyu majani ya mti asioujua jina. Miezi ikapita, sauti ikawa inapungua tu. Mwishowe alikwenda hospitali, akapelekwa nyingine kubwa zaidi, na huko daktari akamwambia ana kidonda kibaya kwenye koo, na dawa yake ni kukata sehemu yote inayotoa sauti. Angeishi, lakini hangesema tena.

Tata alimwuliza daktari kama anaweza kungoja makambi yapite. Makambi ndiyo mikutano yetu mikubwa ya mwaka. Makanisa ya sehemu moja hukusanyika uwanjani, watu wanalala kwenye mahema na madarasa, wanaimba na kuhubiriwa kutwa, na siku ya mwisho, Sabato yenyewe, ndiyo kilele. Daktari alihesabu wiki, akakubali kwa shingo upande. Tata akarudi nyumbani na kutuambia kwamba Sabato ya makambi, mchana, atasimama aseme yaliyo moyoni mwake, kisha wamkate. Alituambia kwa mnong'ono. Wakati huo ukikaa naye meza moja ilibidi uinamishe kichwa umsikie.

Mnong'ono huo haungefika hata benchi la pili. Mimi nilitaka ufike hadi mtu wa mwisho uwanjani, hadi ng'ambo ya bonde kama zamani. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba nilitaka pia aone kushika waya kunafanya nini.

Amplifaya na spika mbili za mdomo mpana zilikuwepo, kanisa jirani lilikubali kutuazima. Shida ilikuwa umeme. Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi isiyo na stima. Makanisa mengine yalitumia jenereta na hakuna aliyeyauliza, lakini wazee wetu walikuwa na msimamo wao. Injini inayonguruma siku ya Sabato ni kazi, na kazi siku hiyo haifanywi. Aliyeshikilia neno hilo kuliko wote alikuwa Tata mwenyewe. Kwetu hata kuni zilipasuliwa Ijumaa. Nilipopendekeza betri ya gari, wazee walikuja kuketi sebuleni kwetu, wanne, wakanihoji kama polisi. Betri inapata wapi nguvu? Kwa altaneta. Altaneta inazungushwa na nini? Na injini. Basi ni injini ileile, kijana, umeivalisha kanzu tu. Nilianza kupandisha sauti. Nilikuwa karibu kuwaambia neno ambalo lingeharibu kila kitu.

Mama ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anawagawia uji, na hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya wazee. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Chakula cha Sabato huwa tunakipika lini?"

Mzee mmoja akajibu, "Ijumaa, kabla jua halijatua."

"Na Sabato tunafanya nini nacho?"

"Tunakula."

"Basi betri ipikwe Ijumaa," akasema, akaenda zake jikoni.

Wazee walitazamana. Tata alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aende hospitali. Ikakubaliwa. Betri ijazwe siku za kazi, na jua la Ijumaa likitua injini izimwe, na Sabato tutumie kilichomo. Kuanzia siku hiyo hadi leo watu wa kwetu wakitaka kusema betri imejaa wanasema imeiva.

Kumpikia Tata betri kulinichukua miezi miwili. Nilitengeneza kitako cha chuma nyuma ya kichwa cha pikapu, nikaweka betri ya pili, kubwa kuliko ile ya kuwashia gari, na swichi karibu na usukani ya kuziunganisha mbili hizo gari likitembea na kuzitenganisha likisimama. Ukisahau kuzitenganisha, spika zitakunywa na ile ya kuwashia, na gari halitawaka. Wiki za kwanza betri ile haikujaa hata kidogo. Nilikuwa na kipimo cha asidi, kile cha kioo chenye kidude kinachoelea ndani; ukivuta asidi, kidude kikipanda juu betri imeshiba, kikizama ina njaa. Kila jioni kilizama. Nikaibadilishia asidi, nikasugua vichwa vyake, nikaibadilisha mikanda ya altaneta. Kilizama tu.

Mhindi mwenye duka alikuwa ananitazama siku zote hizo. Alizaliwa Kisii na alisema Kigusii kuliko vijana wengi wa mjini. Siku moja alitoka nyuma ya kaunta, akaushika waya niliouvuta kutoka mbele hadi nyuma, akaufinya kwa vidole. "Fundi, huu ni waya ya taa," akasema. "Umeme inachoka njiani. Weka ile ya stata." Nilimwambia hiyo kazi naijua. Akarudi kwenye kaunta yake. Niliposhusha hasira nikaweka waya mnene wa stata, ile mota ya kuwashia injini, na jioni ile kidude kikaelea juu. Sikwenda kumwambia kwamba alikuwa sahihi, lakini aliona mwenyewe.

Nikajifunza pia kwamba safari fupi haziivishi betri. Kutoka Kiogoro hadi mjini gari halijapata hata joto. Ilibidi nizunguke Keroka, nishuke Nyamira, nirudi Kisii, ndipo ijae kabisa. Ikiwa imejaa, nilizijaribu zile spika nyuma ya duka kwa siku nzima, zikalia kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka majirani wakaja kunisihi. Nilijua basi kwamba betri iliyoiva inabeba Sabato nzima, kuimba, kutangaza na kuhubiri, na inabaki.

Makambi yakafika. Tuliipaki pikapu chini ya uwanja, karibu na ua wa shule, hatua kama sitini kutoka jukwaani, kwa sababu wazee hawakutaka gari lionekane mbele ya ibada. Amplifaya niliiweka ndani kwenye kiti cha abiria isinyeshewe, na nyaya za maikrofoni na spika zikapanda mteremko hadi jukwaani. Spika tulizifunga kwenye mikaratusi. Siku za kwanza nilikwenda kazini Kisii asubuhi baada ya kuwaachia wahubiri sauti zao wenyewe, nikarudi alasiri na betri imeiva, nao wakahubiri kwa spika hadi giza. Tata aliketi mbele na daftari lake. Mama aliniambia kwamba alikuwa ameandika humo kurasa ishirini za mambo atakayosema, akifuta na kuandika upya kwa miezi mitatu, na hakumwonyesha hata yeye.

Ijumaa nilipanga kuondoka mjini saa sita mchana, nizunguke Keroka taratibu, nifike uwanjani saa kumi na betri imejaa hadi juu. Saa tano na nusu akaja mtu niliyemtengenezea taa za lori wiki iliyotangulia. Akasema mbele ya watu kwamba kazi yangu ni ya ovyo, taa zimezima tena. Niliangalia, nikaona si kazi yangu iliyoharibika, kuna mtu mwingine aliyekata waya akijaribu kuweka redio. Mtu mwenye akili angemwonyesha na kuondoka. Mimi nilivua shati. Nilifungua taa zote, mbele na nyuma, nikamwonyesha kila kiungo nilichofunga na kila kiungo ambacho si changu, nikazifunga tena upya huku nikimsomea. Nilipomaliza aliomba msamaha, nami nikaona raha. Ilikuwa saa tisa.

Mvua ikanikuta kabla ya kutoka mjini. Keroka niliisahau, nikashika njia ya mkato, na njia ya mkato siku ya mvua kwetu ni tope jekundu. Gari lilikwenda mwendo wa ng'ombe. Ukienda pole namna hiyo injini haipandi, na altaneta inatoa vijiko viwili vitatu tu. Siku zote hizo betri ilikuwa imetumika hadi usiku wa Alhamisi. Nilipofika kwenye ua wa shule nilivuta asidi, kidude kikakaa katikati. Nusu. Nikaiacha injini iwake, nikaikanyagia kidogo, nikasema moyoni nikipata muda wa saa mbili hivi tumepona.

Sikupata hata robo saa. Nilimwona Tata akishuka mteremko kwa fimbo, mwavuli mkononi, peke yake. Alifika dirishani, akanyoosha fimbo kuelekea magharibi.

"Jua limetua," akanong'ona.

"Jua halionekani, Tata. Ni wingu tupu."

"Liko nyuma ya wingu, na limetua."

Nikamweleza kuhusu nusu. Nikamwambia betri haijaiva, kwamba kesho inaweza kumwacha katikati ya maneno. Nilimwambia ni yeye atakayeumia, si mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nusu chungu pia ni chakula, akasubiri. Nikazima injini. Aliondoka akipanda polepole, na nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Asubuhi ya Sabato nilikuwa bahili kuliko mchawi. Nilizima amplifaya wakati wa maombi. Niliziomba kwaya ziimbe bila maikrofoni. Mbili zilikubali, ya tatu ikanuna, ikaimba kwa maikrofoni nyimbo tano badala ya mbili, na nilikaa ndani ya gari nikizihesabu nyimbo hizo kwa meno. Mtu wa matangazo alitangaza kofia iliyopotea, mtoto aliyepotea, kofia iliyopatikana. Nilimtuma mtoto akamwambie kwamba akitangaza kofia nyingine nitakuja juu. Kufikia mchana taa ndogo nyekundu ya amplifaya ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa inawaka.

Tata alisimama. Walimletea kiti akakataa. Nilimwona kwa mbali, kofia mkononi, daftari limefunguliwa juu ya meza, na nikapandisha sauti ya amplifaya hadi mwisho. Mnong'ono wake ukatoka kwenye mikaratusi. Ulikuwa wa kukwaruza, lakini ulikuwa mkubwa, ulijaa uwanja wote, na watu waliokaa mbali, hata waliokuwa wakinyonyesha chini ya ukingo wa ua karibu nami, wakainua vichwa. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Alianza kueleza jinsi alivyoletwa kanisani akiwa kijana na jinsi baba yake alivyokataa kula naye. Alifika ukurasa wa pili, kwa jinsi nilivyomwona akifunua.

Hapo sauti ikaanza kukatika. Neno linakuja, neno halipo. Taa nyekundu ikawa inapepesa. Watu mbele wakaanza kugeuka kutazama chini nilipo. Sikufikiri sana, au tuseme nilikuwa nimeshafikiri usiku kucha. Niligeuza swichi kuunganisha betri, nikawasha gari.

Pikapu ile haikuwa na injini ya heshima. Uwanja mzima ulisikia. Taa nyekundu ikang'aa mara moja, na sauti ya Tata ikapanda kwenye miti, safi, yenye nguvu kuliko mwanzo. Tulisikia sentensi moja kamili. Kisha akanyamaza. Nilimwona akiinua kichwa kutoka kwenye daftari, akisikiliza. Akaisogelea maikrofoni.

"Zima hiyo gari," akasema.

Ilisikika kila mahali. Ilisikika ng'ambo ya bonde. Watu mia kadhaa waligeuka kunitazama, na mimi nimeketi ndani ya kioo kama samaki wa dukani. Miezi miwili ya kuvuta nyaya, mvua, tope, na neno alilonipa mbele ya kanisa zima lilikuwa hilo. Nikazima gari. Na kwa mkono uleule, kwa hasira, nikazima amplifaya.

Nisieleweke vibaya. Betri haikuwa imeisha. Injini ilikuwa imeinywesha kidogo, na hata bila hiyo kulikuwa na masalio. Nafahamu betri. Ingemfikisha kurasa kadhaa mbele, kwa kukatikakatika, lakini ingemfikisha. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, na kingeweza kukibonyeza tena wakati wowote. Nilikiondoa, nikapandisha kioo cha dirisha.

Tata aliigonga maikrofoni mara mbili. Alingoja. Kisha akaisukuma kando. Nikaona watu wa mabenchi ya mbele wakisimama na kumsogelea, halafu wa nyuma yao, halafu uwanja wote ukamwendea na kumzunguka, watoto wakakaa miguuni pake, hata wale wanawake wa karibu na ua wakapanda. Nilibaki peke yangu chini. Alisema kwa muda wa robo saa hivi. Sikusikia chochote. Ningeweza kupanda zile hatua sitini. Nilikaa nikitazama migongo ya watu, nikisubiri hasira ishuke, na ilipoanza kushuka walikuwa wameshaanza wimbo wa kufunga.

Mama aliposhuka aliniuliza nini kimetokea na sauti. Nikamwambia betri iliisha. Alinishika begani, akasema pole. Watu wengine walipita wakinisalimu kwa upole usio wa kawaida, nami nikaona wananicheka.

Baada ya wiki mbili Tata alikatwa koo. Alipona, akaishi miaka minne, akaongea kwa kuandika kwenye madaftari. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza aliandika, "Bado unashika waya?" Nikasema bado. Alitikisa kichwa, lakini safari hiyo hakuinuka kwenda shambani. Ningeweza kumwuliza siku yoyote, ulisema nini siku ile baada ya kuniambia nizime gari? Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Sikumwuliza. Kiburi kilinizuia, na pia niliogopa asije akaniuliza yeye kuhusu betri.

Kitu kingine nilichokuwa nikingojea miezi hiyo ni kuitwa. Kwetu mtu akivunja Sabato hadharani anaitwa mbele ya baraza la kanisa, anahojiwa, na anaweza kutengwa kwa muda. Hashiriki meza ya Bwana, hasimami mbele, jina lake linasomwa. Mimi nilikuwa nimewasha injini mbele ya makanisa saba. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu, nimeyapanga, mengine makali, na nilitamani kweli waniite nimwage yote. Hawakuniita. Mwaka ukaisha. Nikajiambia wananiogopa, wanajua mdomo wangu.

Tata alifariki. Mwaka mmoja au miwili baadaye nilikuwa nyumbani, mimi na mama tumeketi nje tukichambua chinsaga, ile mboga chungu inayotaka subira, kila jani peke yake. Mama alikuwa ananieleza kwamba jirani yetu mmoja, mtu mpole asiyekuwa na neno na mtu, ameitwa mbele ya baraza kwa kupakia ndizi za soko siku ya Sabato. Wamemtenga miezi mitatu. Nikacheka. Nikasema mnyonge ndiye anayeonewa, mbona mimi niliwasha gari kwenye makambi na hakuna aliyethubutu kuniita? Waliniogopa.

Mama aliacha kuchambua. "Wakuogope wewe?"

"Sasa kwa nini hawakuniita?"

Alinitazama kwa muda, kama anayemtazama mtu anayetania, akaona sitanii. "Kwani hukusikia alichosema Tata yako?"

Nikamwambia nilikuwa chini kwenye gari.

Akanieleza basi, polepole, akirudia mahali pengine nisipotee. Maikrofoni ilipokufa Tata alifunga daftari. Zile kurasa ishirini hakuzisoma. Watu walipomzunguka aliwaambia kwamba amebaki na sauti kidogo sana na hataitumia kwa habari zake. Akasema yule mliyemsikia akiwasha gari ni mtoto wangu, amekosa, na nimemkemea mbele yenu ili msiseme nimemficha. Lakini amekosa akinitafutia sauti. Akawaomba wazee, mmoja mmoja kwa jina, wamwahidi kwamba Sabato hiyo haitahesabiwa juu yangu, kwamba sitaitwa, sitaulizwa, na hakuna mtu atakayenisuta nayo barabarani wala sokoni. Wengine walisita. Aliwasihi. Mama alisema kwamba mzee mmoja alikataa kabisa, na Tata akamsihi huyo mpaka sauti ikamwisha kooni, midomo inakwenda na hakuna kinachotoka, na hapo yule mzee akalia na kukubali. Ndipo wakaimba.

"Ndiyo maneno yake ya mwisho hayo," mama akasema. "Sote tulidhani umesikia. Tuliona umekaa kimya kwa miaka, tukasema ni heshima."

Nilichukua jani jingine la chinsaga, nikalichambua.

"Ila ile betri nayo," mama akasema, akirudi kwenye mboga zake. "Kama haingekufa, ungemsikia mwenyewe."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ilikufa."